Mguu Wangu na Breki Zako

Baba Mialy,

Ukitoka kwa jirani Naivo, wali uko kwenye sufuria ndogo, maji ya ukoko ya kunywa kwenye birika. ~~Soseji zote zako.~~ Soseji ni za Mialy.

Gari usiliwashe. Funguo ninazo.

Nimekusikia asubuhi ukimwambia Naivo eti breki zimekataa kwa sababu mguu wa mkeo hauna nguvu. Nilikuwa hapo hapo kwenye usukani, bwana, sikuwa safarini Antsirabe! Ulisema kanyaga, nikakanyaga. Ulisema shikilia, nikashikilia. Wewe chini ya gari unafungua nati, mafuta machafu yanatoka, huku unamsomesha jirani jinsi mafundi wa mjini walivyo wezi. Nikakwambia uangalie kikopo cha mafuta ya breki kisije kikakauka. Ukanijibu, "Wewe kanyaga tu." Haya. Kikopo kikakauka, upepo ukaingia kwenye mabomba ya breki, pedeli ikazama hadi chini kama nimekanyaga uji. Na chupa mpya ya mafuta iko kiti cha nyuma, hata kifuniko hujakigusa. Fundi mzima!

Kwa mteremko huu wetu, tungeingia kanisani kwa kupitia ukutani.

Kwa hiyo mama yako na mimi tunashuka kanisani kwa miguu. Ameuliza gari lina nini, nami nimemjibu kama ulivyosema: mguu wangu hauna nguvu. Amecheka hadi akashika mlango. Anasema tukirudi, kwenye pedeli atakaa yeye.

Jaza kikopo. Halafu mwambie yeye, "Wewe kanyaga tu."

Mama Mialy