Gunia Lililokataliwa

Zuhura mjukuu wangu,

Marahaba. Babu yako hajambo, na mama yako yuko shambani anaokota korosho. Unasema huko chuoni, kwenye masomo yako ya biashara, unaona haya kuuliza darasani maana wenzako watakucheka.

Nilipokuwa msichana, mkaguzi wa ghala alikataa gunia langu la korosho. Wengine waliokataliwa waliondoka wakinung'unika. Mimi nikamwambia, "Baba, nioneshe kosa." Akapasua korosho moja, ndani ilikuwa na unyevu. Nilizianika bila kuzigeuza! Watu wakacheka sana.

Msimu uliofuata, walewale walionicheka waliniletea korosho zao nizikague kabla hawajazipeleka ghalani.

Basi uliza. Wakicheka, watazame vizuri sura zao, maana ndio watakaokuja kubisha hodi kwako.

Bibi yako,
Mnyambe