Kamba ya Turubai

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Sista Metrine, muuguzi wetu, amepigiwa simu kutoka Nairobi, na watu wanaoiletea zahanati intaneti. Dishi letu limepinda. Badala ya kulenga setilaiti yetu peke yake, mawimbi yetu yanaingia hadi kwenye setilaiti ya jirani yake na kuharibu mawasiliano ya watu wengine kabisa. Karibu miezi miwili wametafuta. Wakawa wanazima vituo kimoja kimoja, dakika mbili mbili. Kilipozimwa chetu — kelele ikaisha!

Sisi! Watu wa ng'ambo ya Garsen, tusiojulikana hata Hola.

Lisiponyooshwa kufikia Ijumaa saa sita, watatuzima. Na Ijumaa hiyohiyo daktari wa Hola anamwona Ladan, mke wa Liban, kwa skrini. Mimba ya miezi minane, miguu imevimba, presha juu. Barabara imekatika kwa mvua.

Mume wangu Mwaringa angekuwapo asingelala. Alikuwa askari wa zahanati tu, lakini lile dishi alilihesabu lake. Kila Jumapili alilipangusa mavi ya kunguru, kisha ndiyo anavaa shati la kanisani.

Jumanne, 11 Novemba

Kamati imekaa. Shemeji yangu Karisa kasema wazi: ni ng'ombe wa Liban, wanajikuna kwenye mlingoti. Wengine wakaitikia upesi. Siku hizi kila kilichovunjika ni ng'ombe. Wanataka kumfungia Liban malka, njia ya mifugo yake kwenda kunywa mtoni.

Liban akasema ng'ombe zake ziko malishoni mbali tangu mwezi wa nane. Hakuna aliyemsikiliza. Akainuka, akasema basi na mke wake hatakanyaga hapa.

Nikiwa napiga deki, Metrine akaniambia kelele ilianza lini. Nairobi wameandika: Jumamosi, 20 Septemba, mchana.

Nikaendelea kupiga deki palepale palipokwisha kuwa safi.

Ndiyo siku tuliyomzika Mwaringa.

Jumatano, 12 Novemba

Nyumba yetu imepakana na ua wa zahanati. Siku ile turubai la matanga lilikosa pa kufungwa upande mmoja, miti yetu ilikwenda na mafuriko. Karisa akauliza, shemeji, tufunge wapi? Nikanyoosha mkono bila kutazama. Hapo. Hapo ni mlingoti wa dishi.

Na upepo ule! Turubai lilivuta siku nne.

Nikisema, pengine kazi ya usafi imekwenda. Nisiposema, mtu ananyimwa mto kwa ajili ya kamba yangu. Na Ladan yuko nyumbani na miguu yake.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimesema!

Fundi Abdihakim amefika kutoka Madogo, amezunguka njia ya mbali, matope hadi magotini. Alikuwa anatazama mlingoti, kamati nzima nyuma yake, Liban amesimama kando. Rangi imechubuka mviringo, juu kuliko mgongo wa ng'ombe yeyote. Kabla hajafungua kinywa nikasema, ni mimi. Ni kamba ya matanga ya mume wangu.

Karisa anatazama ndara zake. Halafu, polepole: "Fundo nilifunga mimi."

Liban akacheka mpaka akashika kiuno. Eti wakulima kila siku mwatushtaki mifugo kuingia shambani, kumbe nyinyi mmeingia shamba la watu huko juu! Abdihakim akamwambia ndiyo, hata mbinguni kuna kesi ya mipaka. Watu wote wakacheka. Nami nikacheka. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Abdihakim anasema dishi limehama kama upana wa kidole tu. Mashine, ikihisi haisikiki vizuri, ikaongeza nguvu yenyewe, ikazidi kumpigia jirani kelele. Sikuikasirikia. Siku ile nasi tulilia kwa nguvu.

Nilimwuliza Metrine kuhusu kazi. "Mama Mwaro, ukiondoka nani atafagia? Mimi?"

Malka haifungwi. Mwenyekiti amesema mbele ya watu. Nimelala mchana kama mtoto.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa tano na nusu. Naandika barazani. Abdihakim yuko juu ya ngazi, simu begani, Nairobi wanamwelekeza: kushoto kidogo — rudi — usiguse! Kelele kwa jirani imekwisha, wamesema. Imebaki wapime kama hatuvuji upande mwingine, ndipo waturuhusu kupaza sauti.

Ladan amekuja. Amekaa mbele ya skrini, miguu juu ya kreti la soda. Hajanisemesha, ila amepokea maji kutoka mkononi mwangu na kuyamaliza yote.

Liban analinda mlingoti na fimbo yake. Karisa alisogea kutazama. "Mzee, rudi nyuma," Liban akamwambia, "wewe ndiye hatari." Karisa akarudi, anacheka kwa aibu.

Saa sita kasoro dakika tano. Nairobi wameruhusu. Metrine anapiga kelele ndani — picha imetokea! Daktari anaonekana, midomo inacheza, sauti bado. Ladan ameinua mguu wake kwenye kamera amwonyeshe uvimbe.