Mshenga wa Mpasheni

Jumapili, 5 Aprili 2026
Siku ya themanini ya majaribio. Zimebaki kumi, kisha Ustadh Sinan ataamua kama kampuni yake ya kutunza bustani inanihitaji. Mpaka leo hajaona kosa.
Nyumbani Ansab, Bibi Khole anaokota maua chini ya mpasheni. Yameanguka yote, hakuna lililoshika tunda. "Maradhi gani haya, Masouda?" Nimempigia binamu Bashayer, anayefundisha mambo ya mimea chuoni Al Khoudh.

Jumatatu, 6 Aprili
Bashayer kaja. Kaniweka mbele ya ua moja — kaa, tazama. Linafunguka mchana, magharibi linafunga, basi! Halifunguki tena. Vifuko vya chavua vinaning'inia kama dari juu ya asali. Nyuki mdogo kapita chini, kanywa, hakugusa kitu. Lazima mgongo mpana: yule mweusi mkubwa anayetoboa mbao. Kisha — subhanallah! — sehemu ya kike ya ua, iliyosimama juu, ikaanza kuinama. Taratibu. Saa nzima tumeitazama ikishuka mpaka kimo cha mgongo wa mgeni. Mgeni hakuja.
Bashayer kasoma nchi ya baridi. Anasema huko misitu inapukutisha majani yote, na kabla hayajarudi, vijiua vya chini vinawahi jua. Wiki chache tu. Siku hizo hizo malkia wa nyuki wa huko, wale wanene wenye manyoya, anatoka udongoni, peke yake, wenziwe wote wamekufa. Ua likichelewa, anakufa njaa. Yeye akichelewa, ua halipati mbegu. Nani kawapa miadi?
Bibi: "Mtende nnaupandisha kwa mkono wangu, chavua ya dume kwa jike. Huyu mpasheni ana mshenga wake. Yuko wapi?"
"Wanakaa kwenye mbao kavu, Bibi. Kama lile banda la bustani ya ng'ambo ya barabara," kasema Bashayer.
Nikaingia ndani. 

Jumanne, 7 Aprili
Niandike, hapa hasomi mtu. Bustani ile ya ng'ambo tunaitunza sisi, na mwezi uliopita mama mmoja alilalamika: nyuki weusi bandani wanatisha watoto. Ilipasa kumuuliza mtaalamu kwanza. Niliogopa kuonekana sijui. Nikanakili barua ya mwaka juzi ya mchwa — pigeni dawa, zibeni matundu — nikabadili tarehe, nikagonga muhuri. Mimi.
Leo nimepita. Matundu ya mviringo kabisa, kama yamepimwa kwa bikari, yote yamezibwa saruji. Mmoja yuko chini, mkavu, mbawa zinang'aa buluu. Nimemfunga kwenye tishu.

Jumatano, 8 Aprili
Ustadh Sinan kanisifu! Barua ile ilikuwa safi, anataka kama ile kwa bustani tatu zaidi. Kesho kabla ya adhuhuri; watu wa dawa watatoka Wadi Kabir.
Nimemwambia Bibi yote, na tishu nimemfungulia. Kaitazama. "Umemuua mshenga, unangoja harusi?" Kisha kanipa brashi yake ya wanja, nipake chavua mwenyewe. Maua kumi na tisa, saa moja na nusu, shingo inauma. Bashayer anasema nyuki mmoja angeyamaliza kabla chai haijapoa. Na ua linainama vilevile, hata kwangu. Nimelia kidogo.

Alhamisi, 9 Aprili
Kazini, saa tano na robo. Barua ya kwanza naichapa, naifuta. Bustani ya pili ina mipasheni ukutani kwa majirani, nimeangalia picha.
Ustadh kapita: "Yallah, Masouda, unaandika barua au unaswali istikhara?" Wenzangu wamecheka. Nikacheka na mimi.
Nimechapa nyingine. Mistari sita. Kwamba ile ya mwezi uliopita ilikuwa ya mchwa, kwamba sikuuliza, kwamba tusimamishe. Jina langu kamili chini.
Saa tano na nusu. Atheer wa mapokezi anasema gari la dawa limefika, liko chini, linanguruma.
Kwenye ukucha wa gumba langu bado kuna chavua, njano. Muhuri nimeuacha kwenye droo. Mlango wa Ustadh uko wazi nusu, anaongea na simu, ananiona, ananyoosha mkono apokee karatasi. Nafunga daftari, nampelekea ile ya mistari sita —