Hapana Uliyoijibu kwa Jina Langu

Chumba namba sita,
Nyumba ya nyuma ya duka la dobi.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu zikufikie huko uliko. Habari za siku nyingi, habari za kazi, habari za baridi? Ile miguu yako iliyokuwa inavimba jioni imepungua? Natumaini u mzima. Kama si mzima nakuombea upone upesi, maana barua hii inataka mtu mwenye nguvu za kuisoma mpaka chini. Sisi huku ni wazima wa mwili. Kaka yako anaamka, anakwenda kujenga nyumba za watu, anarudi na saruji kwenye nyusi. Mtoto anakula, anacheza, suruali zinamkimbia miguuni. Mimi ndiye ambaye roho haijatulia, na wewe sababu unaijua.

Utashangaa kuletewa bahasha siku hizi. Nimekupigia mara nne kwa simu ya kaka yako, na mara nne umekata. Ningekuandikia kwa ile namba yako ya bure, lakini hiyo ingekuwa kukutumia ujumbe kutoka kwako kuja kwako. Karatasi ina uzuri wake. Ikishafungwa, anayeifungua ni mmoja.

Nianze na shukrani, sikulelewa kusahau. Ulipokuja likizo mwaka jana ulinikuta nahangaika na vocha, nabipu watu kama mtoto wa shule. Ukakaa kitandani kwangu ukachukua simu yangu ukasema, "Nakuwekea namba ya bure, inatembea kwa mtandao. Kupiga bure, kuandika bure, na mimi nikiwa huko tutaongea mpaka tuchokane." Namba ikadai barua pepe. Mimi shule niliiacha mapema, barua pepe sina. Ukasema, "Tutumie yangu, kwani mimi ni nani?" Nikacheka, nikasema wewe ni wifi yangu. Nilikuona kama mtu aliyeniazima sufuria. Kumbe mwenye sufuria huwa anarudi kufunua kifuniko.

Basi namba ile nikaiandika kila mahali. Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, kwenye daftari la kazini, kwa mama yangu. Laini yangu ya zamani nikaiacha mpaka ikafungwa. Nyumbani kwetu mtandao hakuna, lakini dukani upo, kwa hiyo namba ilikuwa inaamka nikifika kazini na kulala nikitoka. Sikulalamika. Cha bure nilikichukua na masharti yake.

Kazini kwetu unapajua, ulikuja siku moja ukasema panakuchoma macho. Mimi ni wa mashati. Kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, kifua mwisho. Bosi wetu, tunayemwita Mama Mvuke, hataki simu karibu na pasi. Zote zinapangwa kwenye rafu ya vibanio, tunazichukua saa ya chai. Na mimi kusoma kwangu ni kwa kujikongoja, kwa hiyo nikishika simu natafuta zile meseji zilizokoza wino, ambazo hazijasomwa. Zilizofifia naziruka, nikijua nimeshazisoma. Nimeandika hili kwa sababu hapo ndipo uliponipitia.

Sasa tuje kwa mtoto. Siku ambazo jirani hayupo nakuja naye dukani. Mashine ya mvuke ikipiga mluzi wateja wanaruka, yeye anaendelea kupanga vibanio vyake kwa rangi. Hajui kama kuna kilicholia. Hilo ndilo lililonipeleka hospitali. Daktari akamwangalia kwa taa, akanieleza taratibu kwamba kuna maji yamekaa nyuma ya ngoma ya sikio, kulia na kushoto. Anamwekea vijibomba viwili vidogo kuliko punje ya mchele, maji yanatoka, na siku hiyohiyo mtoto anarudi nyumbani. Akasema ana miaka mitatu, na kila mwezi anaokaa na maji hayo ni mwezi wa maneno unaopotea. Tukaandikwa kwenye orodha. Tumesubiri miezi mitano.

Na wewe nilikuambia. Sikukuficha kitu. Ukanijibu, "Huyo ni Bwana Kimya wangu. Baba yetu alisema neno la kwanza ana miaka minne, na akaja kuongoza watu. Ukoo wetu si wa kuropoka."

Nikasema, "Wifi, huyu hasikii."

"Hasikii au hasikilizi? Wewe unamdekeza."

Nikaliacha hapo kwa heshima. Nikadhani tumemaliza, kwamba umesema lako na mimi nimesema langu. Kumbe wewe ulikuwa hujamaliza.

Tarehe 28 mwezi uliopita nikaona kimya kimezidi, nikaomba ruhusa, nikampeleka mtoto mgongoni mpaka dirisha la hospitali kuuliza zamu yetu. Pale kuna muuguzi mmoja mwenye miwani ya kamba, kila mtu anamwita Sista. Akatafuta jina, akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, si ulikataa wewe?"

"Nilikataa nini?"

"Nafasi. Tulikuandikia Jumatatu ya wiki iliyopita kuwa zamu yenu imefika mapema, ujibu ndiyo au hapana. Ukajibu. Tena ukajibu vibaya."

Akanigeuzia kompyuta. Yaliyoandikwa pale nimeyashika kwa moyo: *Hapana. Mtoto wetu hakatwi masikio. Msitusumbue tena.*

Nikasema, "Sista, mimi siandiki hivi. Mimi kwenye simu hata nukta siweki."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Basi simu yako ina mama mwingine ndani." Alikuwa anatania, Mungu ambariki, lakini ndiye aliyesema kweli kuliko wote.

Nikatoa simu, lakini pale mtandao hakuna. Kufika dukani, mtandao ukashika, nikaitafuta ile meseji. Ilikuwepo. Imefifia, imesomwa, imejibiwa, saa nne na dakika tano asubuhi, saa ambayo simu yangu ilikuwa kwenye rafu na mimi nina shati la mtu mkononi. Nilimwendea Mama Mvuke, nikamwuliza nani aligusa simu yangu. Akakasirika kwanza. Halafu akauliza, "Namba hii alikufungulia nani?"

"Wifi yangu."

"Kwa barua pepe ya nani?"

"Yake."

Akaweka pasi chini. Akasema, "Mwanangu, umekaa miezi kumi na moja kwenye nyumba ambayo ufunguo wa pili anao wifi."

Akanionyesha kwa simu yake mwenyewe jinsi namba moja inavyolia kwenye simu mbili, na jinsi mmoja akisoma, kwa mwenzake inafifia. Nilikaa juu ya kapu la nguo chafu. Sikulia hapo, nililia baadaye.

Sasa naelewa mengi. Naelewa ulijuaje tumehama chumba kabla sijakuambia, nami nikawa nawaambia watu kwamba wifi yangu ana ndoto za kweli. Naelewa kwa nini ulininunia wiki ile nilipomwandikia mama kwamba wewe ni mtu mwema ila mdomo wako hauna kizibo. Umesoma, na sikanushi. Naliandika tena hapa kwa mkono wangu ili tusisingiziane.

Haya ya kusoma nakusamehe leo, kabla wino haujakauka. Nilikuwa mjinga na wewe ulikuwa na hamu ya nyumbani, huenda ulianza kwa kuchungulia tu uone tumekula nini. Lakini ile hapana siisamehe bado. Shangazi ana neno lake kwa mtoto wa kaka yake, nalijua na silikatai. Neno hilo hulisema kwa sauti yake, mbele ya watu, tukabishana, tukanuniana, tukapatana. Halisemi akiwa amevaa nguo za mama wa mtoto.

Nilimweleza kaka yako akiwa anavua viatu. Kiatu kikabaki mkononi. Akasema, "Atakuwa amekosea kubonyeza."

Nikamwambia, "Baba, mtu anakosea kubonyeza maneno saba na nukta tatu?"

Ndipo alipokupigia. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nilisikia sauti yako ikisema, "Nilikuwa namwokoa mtoto na kisu." Halafu ukakata. Unamjua kaka yako, hasira zake huwa zinaingia ndani. Alikaa, akasema niandike mimi, maana yeye akikuandikia ataharibu undugu kwa mstari mmoja. Kwa hiyo naandika mimi, mgeni wa ukoo, ili undugu usiharibike.

Hapa ndipo ninapokuhitaji, na naomba usome mara mbili. Faili la mtoto limepigwa muhuri: *Mzazi amekataa.* Ile nafasi alipewa mtoto mwingine. Simwonei wivu, naye ana mama. Lakini faili lililofungwa hivyo halirudi kwenye orodha kwa maneno yangu mimi, kwa sababu kwenye kompyuta yao mimi ndiye niliyekataa. Sista amesema Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu daktari mkuu anapitia mafaili yaliyofungwa. Yule aliyejibu akiandika kwa mkono wake kwamba alijibu yeye, bila mzazi kujua, akaweka jina, undugu na sahihi, mtoto anarudishwa mahali pake pa zamani na zamu inaweza kutoka ndani ya wiki mbili. Asipoandika, tunaanza mwisho wa foleni. Miezi saba, wifi. Hesabu mwenyewe maneno.

Usiogope. Nilimwuliza Sista kama utapata matatizo, akacheka. Anasema kila wiki wanaletewa kesi kama hizi, mara bibi, mara mjomba, mara baba aliyetoroka miaka miwili akarudi na uamuzi. Hakuna atakayekutafuta. Ni mistari mitatu. Piga picha uitume kwenye simu ya dirisha lao, namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nimekuwekea humu karatasi nyeupe na kalamu pia, usije ukasema huko vilikosekana.

Najua utasema umefanya kwa mapenzi, na mimi nakuamini. Uliogopa kisu. Hata mimi nakiogopa, mimi ndiye nitakayekaa nje ya ule mlango nikishika viatu vyake. Lakini nimekaa na mtoto huyu mchana kutwa, wewe umekaa na picha zake. Nikimwogesha huwa naimba, naye huweka kiganja chake kooni kwangu, ananyamaza kabisa, macho yananitazama mdomo. Anatafuta wimbo kwa mkono. Mtoto wa namna hiyo si mzito, wala hakurithi ukimya wa mtu. Yuko mlangoni anabisha hodi, na mimi nitamfungulia.

Ile namba yako nimeiacha. Siku hizi nina laini yangu, nimeisajili mwenyewe kwa kidole changu mwenyewe, na Sista ameiandika kwenye faili. Mama Mvuke ameniruhusu niwe na simu kwenye mfuko wa aproni mpaka jambo hili liishe, nami nikisikia inatetemeka naacha hata kola ya mtu mkubwa. Hiyo laini sikupi leo. Nitakupigia nayo mimi siku hospitali itakaponiambia karatasi yako imefika.

Nisalimie shemeji, mwambie buti alizomletea kaka yako bado anazivaa kazini. Nisalimie wanao wote wawili, yule mkubwa mwambie asome, na yule mdogo mbusu shavuni kwa niaba yangu. Mama mkwe anakusalimu. Haya mambo hatujamwambia, na ningependa tusimwambie.

Namaliza, wifi. Kwa karatasi yako au bila karatasi yako, mtoto huyu atasikia. Itakuwa mwezi huu au itakuwa baada ya miezi saba, lakini atasikia, na mtoto akishasikia hujifunza kuuliza. Ataniuliza kwa nini alichelewa. Sitamdanganya. Jibu nitakalompa, natamani uliandike wewe.

Mungu akulinde huko ugenini, akupunguzie maumivu ya miguu, na akupe mkono mwepesi wiki hii.

Mimi mke wa kaka yako, ninayekupenda na hasira zangu zote,

Mama wa mtoto wenu.