Hongera Kutoka kwa Dokta

Ijumaa. Mvua haijaacha tangu asubuhi, na mi nimeamka na hasira. Zimenifuata mpaka hapa siber, kwenye kompyuta za kulipia.

Kwa msionijua: nina miaka kumi na sita, na pumu ninayo tangu utoto. Dokta wangu alihama vita vilipozidi, sasa yuko Ubelgiji. Lakini hakunitupa. Ananitumia pompi mbili za dawa: ya kahawia ya kuvuta asubuhi na jioni, na ya bluu ya kuniokoa nikibanwa. Alituma pia kamashine kadogo ka kuvaa kiunoni, kanahesabu hatua. Kila Ijumaa tunamwandikia namba za hatua za kila siku, maana anasema mgonjwa wa mapafu akikaa tu anazidi kudhoofika. Basi ananipima kutoka kule kule.

Wiki nyingi namba zangu ni aibu tupu. Nitembee wapi, jamani? Shule imefungwa, na kwetu Buterere jua likianza kushuka kila mtu yuko ndani. Dokta alikuwa ananigombeza kwa upole: jitahidi, binti yangu, zunguka hata ua.

Leo nimefungua barua yake. Hongera! Eti Jumamosi ile nimevunja rekodi. Eti mapafu yangu yameamka. Kwa hiyo kwenye kifurushi kijacho hataweka pompi ya kahawia, tuone nitaendeleaje bila hiyo.

Nimecheka mpaka mwenye siber akanigeukia. Halafu nikalia.

Jumamosi ile jioni mabomu yalianguka Buterere. Mama alinishika mkono tukakata katikati ya mashamba ya mpunga, matope mpaka magotini, tukakimbia mpaka Bwiza kwa shangazi. Nilikuwa navuta ya bluu huku nakimbia. Tulipofika sikuweza kutaja hata jina langu. Midomo ilikuwa imepauka kama majivu, shangazi akaanza kupiga kelele akidhani nakufa. Siku zilizofuata nilikaa nimeegemea ukuta, kulala siwezi, kula sitaki.

Na kamashine kalikuwa kiunoni muda wote, kanahesabu. Pumzi hakahesabu.

Ijumaa iliyopita mi nilikuwa bado siwezi kusimama, kwa hiyo Mama ndiye alikuja hapa kutuma. Alituma namba tu. Mambo ya vita kwetu hayaandikwi kwenye barua, hujui nani atasoma. Tunaandika salamu, afya, hali ya hewa. Dokta atajua wapi?

Sasa Mama amekaa hapa pembeni yangu. Nimemsomea barua yote, na nimemwambia nataka kujibu ukweli. Ametikisa kichwa.

"Apana, Zawadi. Mutu anakutumia dawa, we unamuambia amekosea? Atachoka na sisi."

Namwelewa, na bado imeniuma. Anaogopa dokta, anaogopa na macho ya watu. Mi naogopa kitu kimoja tu. Ile ya kahawia iliyobaki, nikiitikisa sikioni, siisikii tena.

Nimeandika hata hivyo. Dokta, shikamoo. Siku ile sikutembea, nilikimbia mabomu. Mapafu hayajapona. Nakuomba usiiache ya kahawia.

Mama ameangalia maneno yale. Nilidhani atanizuia mkono. Hakunizuia, na barua imeenda. Kama dokta ameshafunga kifurushi, sijui. Kama atakasirika, sijui.

Halafu Mama ameinama, amekafungua kamashine kiunoni mwangu, amekaweka kwenye mkoba wake. 

Kesho asubuhi nitakavaa tena, nizunguke ua wa shangazi polepole, namba iwe ndogo na iwe ya kweli. Jioni nitakavua. Tukikimbia tena, sitaki kahesabu.