Kesi ya Mbuzi na Mdomo Wangu Mzito

Alhamisi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, sasa jua limetoka na Mlima Meru unaonekana mpaka juu. Nimekaa nje ya chumba changu hapa Daraja Mbili, naandika kwa simu, nacheka peke yangu mpaka jirani ananiangalia vibaya.

Nimeachiwa huru.

Ngoja nieleze vizuri, maana kuna wanaosoma hapa hawajui. Nilinunua mbuzi jike wa kumpelekea mama kule kwetu, nyuma ya mlima. Nilimnunua nje ya geti la mnada, kwa jamaa mmoja mwenye haraka. Ndani ya geti unapewa risiti, nje unapewa kamba tu. Ujinga wangu wa kwanza huo, naukubali.

Njiani tukakutana na Mzee Lazaro wa kijiji cha jirani, ambaye mbuzi wake alipotea mwezi uliopita. Mbuzi wake mweupe, ana doa jeusi kwenye jicho la kushoto. Wangu hivyo hivyo. Angekuwa na alama ya kukatwa sikio kusingekuwa na ugomvi, ila wote wawili masikio yao mazima. Mzee akapiga kelele, watu wakajaa, nikapelekwa kituoni. Kosa: wizi wa mbuzi.

Ujinga wa pili ndio uliotaka kunimaliza.

Kwetu mkubwa akiongea unaitikia ndiyo. Si kwamba umekubali, unaonyesha tu kwamba umemsikia. Afande akasema, "Kwa hiyo umekutwa na mbuzi wa Mzee Lazaro." Ndiyo afande. "Ulimtoa zizini kwake." Ndiyo afande. Macho yangu yako chini muda wote. Akaandika, nikasaini bila kusomewa. Shule niliishia darasa la tano, na mtu mwenye kalamu ananitisha kuliko mwenye fimbo.

Mjomba aliniwekea dhamana, halafu akanipeleka kwa Mama Happy. Huyu mama ni Mchaga, ana duka la sare za shule Kimandolu, na ni msaidizi wa kisheria wa kata. Anasaidia watu bure. Nilimpa shikamoo. Akawa ananihoji huku anapima sketi ya mtoto wa watu.

"Uliiba?"

"Hapana mama."

"Sasa mbona polisi ulisema ndiyo?"

"Alikuwa mkubwa."

Akatoa pini mdomoni. "Mwanangu, heshima yako itakufungisha. Wizi wa mifugo sio mchezo, ni miaka. Hakimu akikusomea shitaka ukaitikia hivyo hivyo, umekubali kosa. Hakuna cha ushahidi tena wala nini."



Alinieleza mpaka nikaelewa. Kuthibitisha si kazi yangu, ni kazi ya anayenishitaki. Aonyeshe mbuzi ni wake, aonyeshe ni mimi niliyemchukua, na nilimchukua kwa nia ya kuiba. Moja likikosekana kesi inayumba. Yale maelezo ya polisi niseme wazi kwamba sikusomewa. Na mimi nina haki ya kumuuliza maswali. "Usihutubie," akaniambia. "Sikiliza anachosema, halafu uliza."

Kusikiliza naweza, nimefanya maisha yangu yote. Kuuliza ndio balaa.

Tukafanya mazoezi pale dukani. Yeye hakimu, mwanae Happy mlalamikaji. Happy yuko darasa la tatu na alinifungisha mara nne. Fundi cherehani alicheka mpaka uzi ukakatika. "Chalii, unatetemekea mtoto? Huyo hakimu wa kweli si utazimia!"

Siku ya kusomewa shitaka pale Mahakama ya Mwanzo, nilisema maneno matatu tu. Si kweli, mheshimiwa. Nadhani ni mara ya kwanza maishani kumwambia mtu mzima kwamba alichosema si kweli.

Leo ndio ilikuwa kusikilizwa. Mbuzi kaletwa na polisi, kafungwa nje kwenye nguzo. Wiki tatu za kuitwa kielelezo zimemnenepesha kuliko mimi.

Mzee Lazaro alitoa ushahidi vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema mbuzi amezaliwa kwake, amezaa kwake mara tatu, anamjua kama anavyojua wanawe. Watu wakawa wanatikisa vichwa kukubali. Mimi nikakumbuka siku niliyomnunua nilivyomfungua mdomo kuhesabu meno.

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akanigeukia. "Mshitakiwa, una swali kwa shahidi?"

Nilisimama. "Mzee, shikamoo."

Watu wakacheka. Hakimu akasema, "Salamu zimetosha, uliza."

"Mzee, mbuzi wako ana meno makubwa mangapi?"

"Yote manane!" Alikasirika. "Tena yameanza kulika. Nimekwambia amezaa mara tatu, unafikiri nafuga sungura?"

Nikaomba mbuzi aangaliwe mdomo. Hakimu akauliza meno yanahusiana nini na kesi. Hapo sijui maneno yalitoka wapi. Nikamweleza mbuzi anazaliwa na meno madogo ya utoto, kisha anabadilisha mawili mawili, karibu kila mwaka. Aliyezaa mara tatu hawezi kuwa na mawili tu kama huyu wangu.

"Mimi mbuzi nawajua kwenye sahani," hakimu akasema. Lakini akasimama, tukatoka wote nje. Akamwambia Mzee Lazaro amfungue mwenyewe, yeye ndiye mfugaji.

Mzee hakuangalia. Aliingiza kidole, akapapasa meno ya chini taratibu. Akarudia. Nilikuwa namwangalia uso, ndipo nikaona lile wingu jeupe kwenye macho yake. Mzee haoni vizuri. Kumbe siku ile aliona weupe na doa, basi.

Akatoa kidole, akakifuta kwenye shuka alilojitanda.

"Mheshimiwa, huyu ni mtoto. Si wangu."



Tukarudi ndani, hakimu akaandika, akaandika, akasema niko huru na mbuzi nikabidhiwe. Polisi akanipa karatasi ya kusaini. Niliisoma neno kwa neno mpaka akapiga miayo mara mbili. Mama Happy amesema nimemaliza, sasa nikamsaidie kubeba mabunda ya sare.

Nakiri nilikuwa na hasira na Mzee Lazaro wiki tatu zote. Leo zimeniishia. Pale nje nani angejua? Hakimu hajui meno, karani alikuwa amejificha nyuma ya mlango anaogopa pembe. Mzee angesema tu ni manane. Hakusema.

Nilimkuta getini amesimama peke yake, hajui aende wapi.

"Umenishinda, kijana," akasema. "Haya. Wako umempata. Wangu yuko wapi?"

Nikamwambia Jumamosi kuna mnada, nitampitia asubuhi twende wote. Mimi niwe namwonyesha weupe wenye doa, yeye ahakikishe kwa kidole. Akauliza kama nina akili timamu, halafu akasema nisichelewe.

Mbuzi weupe wenye doa wamejaa mlima mzima. Tutafungua midomo mingi sana, na sijui wauzaji watatuvumilia mpaka saa ngapi.

Kesho nampelekea mama mbuzi wake. Jumamosi ni ya Mzee Lazaro.