U Mzima, Umezima

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu, na naijua tabia yako ya kusoma umesimama jikoni huku sufuria inaungua. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu aliniandikia kwamba limepoa, ila bado unalibebesha ndoo za maji, na ukikatazwa unageuza uso ukutani ili usione midomo ya anayekukataza. Hiyo mbinu yako sote tunaijua, mama. Nisalimie shangazi, mwambie kofia aliyonifuma naivaa mpaka watu wananiuliza kama nina upara. Mimi huku ni mzima kabisa, sina neno.

Najua umeninunia kwa ukimya wangu, na una haki. Nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka, kwa sababu sijui nianzie wapi. Mambo yangu yamenyooka na yamepinda kwa wakati mmoja, na kila nikijaribu kuyapanga kichwani yanazidi kuchanganyikana. Acha nianze na yale mazuri.

Bendi yetu imeanza kujulikana. Tunaitwa Wapangaji, jina ambalo hatukulitafuta mbali, kwa vile hakuna hata mmoja wetu mwenye nyumba. Tuko wanne. Mpiga ngoma tunamwita Mzito, si kwa kilo, bali kwa sababu ukimuuliza kitu anafikiri mpaka wewe mwenyewe unasahau uliuliza nini. Gitaa la besi analipiga dada mmoja anayefundisha watoto wa chekechea. Tunamwita Mwalimu, na sisi anatuendesha vilevile anavyowaendesha wale wa chekechea. Gitaa kubwa ni la Fundi, anayetengeneza simu za watu kwenye kibanda chake. Mimi ndiye ninayeimba, na gitaa la pili nalikwaruza tu ili mikono isikae bure.

Tunafanya mazoezi kwenye stoo nyuma ya duka la magodoro la mjomba wake Mzito. Kuta tumezivika mabaki ya sponji ili majirani wasitushtaki, na jua likipiga bati, sponji inatoa harufu ya plastiki mpya mpaka kichwa kinavuma. Kazi yangu ya mchana ni ileile ya kiwanda cha uchapaji. Nachapa kadi za harusi za watu nisiowajua na kuwatakia heri kwa wino wa dhahabu. Bosi analalamika kwamba siku hizi naitwa weee mpaka nije nishikwe bega. Mimi humjibu kwamba ni mashine yake, inapiga kelele kuliko harusi zenyewe.

Sasa nikueleze kuhusu ule wimbo. Sijawahi kukuambia kwamba umetoka kwako.

Unakumbuka nikirudi shule ulivyokuwa ukinipokea mlangoni? Masikio yako yalikuwa yameshakuacha, sauti yako hukuwa na namna ya kuipima, basi ulikuwa ukiniuliza, U mzima? kwa nguvu kiasi kwamba jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa akijibu kwa niaba ya nyumba yake nzima. Halafu unaniwekea kiganja kifuani ili jibu langu ulipate kwa mkono. Nikisema mzima, kifua kikitetemeka vizuri, unaniachia nikale. Siku niliyopigwa shuleni nikasema mzima hivyohivyo, hukuniachia. Sijui kiganja chako kilijuaje.

Basi nikatunga wimbo wa swali hilo tu. Mtu anarudi nyumbani, mlango unafunguliwa, anaulizwa, U mzima? Anaulizwa tena na tena mpaka analia, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza akasubiri jibu. Tuliurekodi kwa yule bwana mwenye studio, anayejiita Injinia japo sidhani kama ana cheti cha kitu chochote. Akautia kwenye mtandao. Nilipoufungua nikaona jina la wimbo limeandikwa Umezima.

Nikampigia simu kwa hasira nikamwambia arekebishe. Akashangaa, akasema ameandika ninachoimba. Nikamwambia mimi naimba U mzima, swali la kumjulia mtu hali, na kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayemuuliza mwenzake anayerudi nyumbani kama amezima. Akanijibu kwa upole uliozidi kuniudhi kwamba yeye hajali mashairi, anaandika anachosikia, na tena niliusikiliza mwenyewe palepale studio kabla hajautoa nikamwambia uko sawa.

Kabla hatujamaliza kubishana, wimbo ulishaondoka mikononi mwetu. Ukasambaa. Vijana wakaupokea kama wimbo wa mlevi, aliyekunywa mpaka amezima, amelala na viatu miguuni. Wengine wakasema hapana, ni wimbo wa mapenzi, mpenzi amezima simu. Fundi alifurahi mno kwa hilo la simu, akabandika jina la wimbo kwenye kibanda chake na wateja wakaongezeka. Tulipopiga kwenye ukumbi wa chuo kimoja mchana wa Jumapili, ukumbi mzima ulipokea kiitikio hata kabla sijafungua mdomo, wengine wameinua chupa, wengine simu wanaziwasha na kuzizima. Baadaye msichana mmoja alinijia, akaniambia wimbo wangu umempa nguvu ya kumwacha mwanaume asiyepokea simu zake. Nyuma yake akaja mtu mzima, ananishukuru kwa kuwasema walevi, maana ana kaka yake. Wote niliwashukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui nimeimba nini.

Kwenye mazoezi ndiko kulikochafuka. Mwalimu alinisimamisha kama mtoto wake wa chekechea, akaniambia niseme neno lenyewe polepole. Nikasema, U mzima. Wote wakakubali kwamba hapo nimesema sawa. Akaniambia sasa niliimbe. Nikaliimba, wakatazamana. Mzito, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akajibu upesi: Umezima. Nikawaambia wamekula njama, kwamba wimbo wa ulevi unauza kuliko wimbo wa mama yangu na ndiyo maana wanajifanya hawasikii. Nikaenda mbali zaidi. Nikamwambia Fundi kwamba yeye na Injinia wameichezea sauti yangu kwenye mashine.  Mama, Fundi alifunga gitaa lake taratibu, akafuta vumbi kwenye boksi lake, akaondoka, na mazoezi mawili yaliyofuata hakuja.

Katikati ya ugomvi huo ndipo bahati ikatugongea. Mwandaaji mmoja wa maonyesho anataka tuifungulie jukwaa bendi kubwa, ile ambayo hata shangazi anaijua, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, katika ukumbi ambao mpaka leo nimeuingia kwa kukata tiketi tu. Wakituelewa, tutazunguka nao miji kadhaa. Alitoa sharti moja, kwamba tumalizie na Umezima. Wenzangu wanangoja kauli yangu, kwa sababu sauti ni yangu.

Sasa sikiliza jambo hili. Mdogo wangu alikuonyesha video yetu kwenye simu yake. Ilikuwa video tu iliyochukuliwa na mtu pale chuoni, haikuandikwa jina la wimbo, na yeye hakuwa amekueleza lolote kuhusu ugomvi wetu kwa sababu nilikuwa sijamwambia. Ukaitazama bila sauti kama unavyotazama kila kitu. Kisha ukamwambia aniandikie mambo mawili: kama nakula, maana shingo imekuwa nyembamba, na kwa nini nawauliza watu kama wamezima. Yeye alidhani unatania. Alinitumia ujumbe na vicheko vingi mwishoni.

Niliusoma nikiwa kazini, nimeshika kadi za harusi mkononi. Nilizirudisha mezani nikaingia chooni, nikasimama mbele ya kioo, nikaimba. Masikioni mwangu nilisikia U mzima, safi kabisa, kama nilivyolitunga. Kwenye kioo niliona midomo yangu inafunga kwenye ile m, kisha inafunguka na meno yanaonekana kabla ya z. Nikarudia. Nikarudia tena nikiibana midomo kwa vidole, na nikiviachia tu vidole inafunguka. Mama, wewe usiyesikia ulikuwa umeona nilichoimba, na mimi mwimbaji sikuwa nimekisikia. Nilipata hofu ambayo sijawahi kuipata.

Nilikwenda hospitali ya masikio bila kumwambia mtu. Waliniingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, nikataka kucheka kwa vile kilifanana na stoo yetu. Wakanivalisha vitu vya masikioni, wakanipa kitufe, wakaniambia nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikabonyeza mwanzoni vizuri tu. Halafu milio ikakoma, nikakaa kwa adabu nikingoja mingine, nikadhani mashine yao imepata hitilafu. Yule mama wa vipimo alipofungua mlango nilimuuliza kama tunaendelea. Akaniambia tumemaliza.

Daktari aliniuliza kama katika familia yuko aliyepoteza kusikia akiwa kijana. Nikamwambia, mama yangu. Aliandika kitu. Akasema la kushoto limekwenda sana, la kulia linalifuata, na kelele kubwa zinaharakisha safari. Kuna vifaa vya kusaidia, lakini hawezi kuniambia nitakaa na usikivu huu kwa muda gani. Nikamuuliza niache kuimba? Akasema hawezi kuniambia niache, na hawezi kuniambia niendelee. Nikamshukuru kama nilivyowashukuru wale wa chuoni.

Hilo ndilo jambo, mama. Wewe ndiye wa kwanza kulijua. Fundi nimemwomba radhi, lakini sababu nilimpa ya uongo, nikasema ni uchovu wa kazi. Akasema yameisha, na kioo cha simu yangu kilichopasuka akakibadilisha bila kutaka kitu. Nilitamani angenitukana.

Sijui nifanye nini. Niimbe sana sasa hivi wakati bado nasikia, au ninyamaze ili usikivu ukae? Nikiwaambia wenzangu, watanihurumia, na bendi haiimbi kwa huruma. Nisipowaambia, ipo siku nitatoka nje ya sauti mbele ya watu na mimi ndiye nitakayekuwa wa mwisho kujua. Hata wimbo sijui tena ni wa nani. Nilitaka kumuuliza mtu kama ni mzima, na kumbe nilikuwa najiambia mwenyewe kwamba nimezima, na nchi nzima inaitikia.

Kuna kitu hatukuwahi kukuuliza, na naona haya kwamba nakiuliza leo kwa kuwa kimenifika. Kilianzaje kwako? Ulijua mwenyewe, au kuna mtu aliyekuona kabla hujajiona? Ulikaa nacho kimya muda gani? Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba kuna wakati ulikuwa unageuka nikikuita, na kuna wakati ukaacha kugeuka, na nikadhani umenikasirikia. Uliogopa, mama? Usiniandikie maneno ya kunipoza. Niandikie ilivyokuwa.

Na nina ombi. Jumamosi ile uje. Mdogo wangu atakuleta, nauli nitatuma. Hujawahi kuja kwenye onyesho langu hata moja, ukisema utakuja kufanya nini, na sisi tukacheka tukayaacha hapohapo. Nataka usimame mbele kabisa, karibu na spika. Hazitakusumbua, zitakupiga kifuani, na nadhani utazipenda. Tutaimba wimbo wao, kama alivyotaka mwandaaji. Ila kwenye kiitikio cha mwisho wenzangu watanyamaza, nami nitauliza swali lako kama lilivyo. Nitazame mdomo. Nikiifunga ile m vizuri, weka kiganja kifuani kwako. Ikifunguka, tikisa kichwa, nami nitarudia. Watu watadhani ni sehemu ya onyesho.

Nikiandika hapa ndipo naona kwamba siwezi kukuweka pale mbele bila wale watatu kujua kwa nini upo. Kwa hiyo itabidi niwaambie. Nitawaambia keshokutwa kwenye mazoezi, katikati ya magodoro, na Mzito akianza kufikiri jibu, nitamsubiri. Wakisema watafute mwimbaji mwingine, njoo hivyohivyo, tutasimama wote wawili mbele ya spika.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwambie mdogo wangu, ambaye najua atakuwa ameisoma barua hii kabla yako, asilie, na asimwambie shangazi. Goti lipumzishe, na ndoo mwachie yeye.

Mwanzoni nimekuandikia kwamba mimi ni mzima kabisa. Kalamu ilikwenda yenyewe kwa mazoea. Sitaifuta, kwa vile unachukia barua yenye madoa ya wino, lakini usiiamini. Ukifika, kabla hatujasema lolote, niulize pale mlangoni kwa sauti yako ileile, majirani wasikie, halafu niwekee mkono.

Ni mimi mwanao, niliyepewa jina na wewe nikiwa mchanga, wakati bado unanisikia,

Kelele